Yule mzee aliyecheza Roland Tembo kwenye Jurassic Park ya pili, mbona yupo kwenye kila muvi na jina lake halijulikani?

mtoto_wa_tandika

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua kichwa, naomba wenye uelewa na waigizaji wa Uingereza mnisaidie. Nilikuwa naangalia tena The Lost World, ile Jurassic Park ya pili ya mwaka 1997, sasa kuna yule mwindaji mwenye kipara anaitwa Roland Tembo, yule ambaye kisiwani hakufuata hela, alichotaka ni kumpata T-rex dume basi. Nikasema huyu mzee mbona namjua, nikawaza weee, kumbe ndo yule padri wa Romeo + Juliet ya DiCaprio, halafu ndo wakili Kobayashi wa The Usual Suspects anayeongea lafudhi ambayo huwezi kujua imetoka nchi gani, na juzi nimeweka Inception yule tajiri anayekufa kitandani mwanae kamwinamia anamsikiliza, ni yeye tena! Kutafuta jina nakuta anaitwa Pete Postlethwaite, amefariki tangu 2011.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi na adui, wengine wote ni wa kupigwa risasi tu. Huyu siyo steringi, na mara nyingi siyo adui mkuu, lakini akiingia kwenye sini macho yanamfuata yeye hata kama steringi ndo anaongea. Nimesoma pia kwamba Spielberg, dairekta wa hiyo The Lost World, alisema huyu ndo mwigizaji bora duniani. Sasa ilikuwaje mtu wa kiwango hicho tusimjue jina? Alitokea wapi? Anayemjua vizuri atiririke, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

Mama_wa_Kideo

Kaka karibu, tunaompenda Postlethwaite tupo wachache ila tupo. Ngoja nianzie mbali maana jibu la swali lako lipo kwenye safari yake yenyewe.

Alizaliwa Warrington tarehe 7 Februari 1946, ni mji wa viwanda uko kati ya Liverpool na Manchester, kitinda mimba kwenye familia ya Kikatoliki ya watoto wanne. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa, akafanya kazi kwenye mashine za mbao, baadaye akawa mtunzaji wa majengo ya shule. Hakuna msanii pale nyumbani, hakuna mjomba mwenye kampuni ya filamu. Akasomea ualimu, akaenda kufundisha drama Manchester kwenye shule ya Kikatoliki, na ilipofika miaka 20 na kitu ndo akaacha mshahara wa uhakika akaenda kusoma uigizaji Bristol Old Vic Theatre School. Hebu fikiria mtu wa familia ile anawaambia wazazi naacha ualimu nakwenda kuigiza, kwetu hapa ingeitishwa kikao cha ukoo.

Alipotoka Bristol hakwenda Hollywood wala hakupewa muvi yoyote. Alikwenda Liverpool kwenye ukumbi wa Everyman, miaka ya 70, akakaa na kundi la vijana ambao wakati huo hakuna anayewajua, Bill Nighy, Julie Walters, Jonathan Pryce, Antony Sher. Angalia hayo majina leo. Walikuwa wanafanya Shakespeare leo, kesho igizo jipya la mtu wa hapohapo Liverpool, na baadhi ya maonyesho wanayapeleka mpaka kwenye baa ambako watazamaji wamekuja kunywa, ukiwachosha wanakugeuzia mgongo. Miaka ya 80 akaingia Royal Shakespeare Company. Muvi iliyomtoa hasa ni Distant Voices, Still Lives ya Terence Davies, 1988, na hapo tayari ana miaka 42. Kwa hiyo mtu unayemwona kwenye Jurassic Park ana zaidi ya miaka 20 ya kusimama mbele ya watu usiku baada ya usiku, ndo maana macho yako yanamfuata. Ule siyo uchawi, ni kazi imemwingia mwilini.

Na kuhusu jina, alishauriwa mapema sana alibadilishe. Aliambiwa jina refu namna hiyo haliwezi kuandikwa kwa taa nje ya ukumbi maana umeme wake utakuwa ghali. Akakataa, akabaki na jina la baba yake. Mimi nampendea hilo kabla hata ya uigizaji.

kijana_wa_likoni

Nyie watu wa bara mnasahau jambo moja kubwa, huyo Roland Tembo twamkuta kwa mara ya kwanza Mombasa! Walipiga sini ambayo mwishowe waliikata kwenye muvi, yuko baa Mombasa, kuna mtalii anamfanyia utovu wa adabu dada anayehudumu, basi Tembo anainuka kumtia adabu huyo mtalii. Ipo kwenye zile sini zilizokatwa, zitafuteni. Kwangu mimi walikosea kuikata kwa sababu pale ndipo unapomfahamu huyu mtu ni nani, kwamba ni mwindaji lakini ana heshima zake na ana mipaka yake. Bila ile sini bado Postlethwaite anakuonyesha hayo yote kwa kusimama tu, lakini ingebaki ingekuwa bora zaidi.

Halafu mwisho wa muvi rafiki yake Ajay amekufa, yule bosi amwambia kuna kazi kwenye bustani mpya San Diego, naye akataa, amwambia amekaa na mauti vya kutosha. Alisema maneno machache, hakupandisha sauti, akaondoka. Muvi nzima ya madinosari na mimi sini nnayoikumbuka ni ile.

Mswahili_Merseyside

Salaam kutoka Liverpool. Mama_wa_Kideo umeeleza vizuri sana, niongezee ya huku ninakoishi. Everyman iko barabara ya Hope Street, ilianzishwa mwaka 1964 kwenye jengo lililowahi kuwa kanisa. Lile jengo alilofanyia kazi yeye lilivunjwa 2011, hili la sasa limefunguliwa 2014 na likapata tuzo ya usanifu majengo ya Stirling mwaka huohuo. Watu wa hapa wakiongea kuhusu Everyman ya zamani, jina la Pete linakuja lenyewe, wanamwita Pete tu kama jirani.

Kitu ambacho ningependa mtoto_wa_tandika ukielewe ni hiki, kwa Waingereza wengi wa kizazi chake sinema haikuwa kilele cha kazi, kilele ni jukwaa. Sasa Liverpool ilipokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya mwaka 2008 akarudi pale Everyman kucheza Mfalme Lear, lile igizo la Shakespeare, dairekta Rupert Goold, yeye ana miaka 62. Mtu ameshafanya kazi na Spielberg mara 2, ameshatajwa Oscar, angeweza kuifanyia Lear London kwenye ukumbi wenye dhahabu na makochi mekundu. Akachagua kuifanyia palepale alipoanzia, halafu mwaka uliofuata ndo ikaenda London kwenye ukumbi wa Young Vic. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka nchi kadhaa na igizo la mtu mmoja linaitwa Scaramouche Jones, mchekeshaji wa sarakasi mwenye miaka 100 anasimulia maisha yake usiku wa mwisho wa mwaka 1999. Jukwaa zima ni yeye peke yake na vinyago vyake. Kwa hiyo ukisema hakuwa steringi, mimi nakataa kabisa, alikuwa steringi mahali ambapo kamera haikuwepo.

mtoto_wa_tandika

Aisee mnanipa madini, nashukuru sana. Hiyo ya kukatwa sini ya Mombasa imeniuma kweli. Swali la nyongeza, hilo la Oscar ni kwa muvi gani? Na hiyo kauli ya Spielberg ni ya kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Wakili_Kaptula

Oscar ni In the Name of the Father ya 1993, dairekta Jim Sheridan, alitajwa kama mwigizaji bora wa kusapoti na tuzo ikachukuliwa na Tommy Lee Jones kwa The Fugitive. Mimi ni mtu wa sheria na hii muvi ndo naipenda kuliko zote za mahakama, kwa hiyo nivumilieni.

Kisa ni cha kweli. Oktoba 1974 jeshi la IRA, wale Waairishi waliokuwa wanapigana Ireland Kaskazini iondoke chini ya Uingereza, lililipua baa mjini Guildford, watu wakafa, polisi wakatafuta wa kuwabebesha, wakamkamata kijana wa Belfast anaitwa Gerry Conlon na wenzake 3, wakatesa mpaka wakapata maungamo. Baba yake Gerry, mzee Giuseppe, alikuwa mgonjwa wa mapafu, akatoka Belfast kwenda London kumsaidia mwanae apate wakili, naye akakamatwa akafungwa pia! Akafia mikononi mwa magereza mwaka 1980. Wale 4 waliachiwa 1989 baada ya kukaa ndani miaka 15 kwa kosa ambalo hawakulifanya, na hukumu ya kundi la mzee Giuseppe ikafutwa 1991, yeye ameshakuwa udongoni miaka 11.

Postlethwaite ndo Giuseppe, na Gerry ni Daniel Day-Lewis. Kwenye muvi wamewekwa selo moja baba na mwana, kiuhalisia haikuwa hivyo, lakini kwa hadithi mimi naona dairekta alikuwa sahihi kwa sababu hadithi nzima inageuka kuwa ya kijana mkorofi anayejifunza kumwona baba yake. Day-Lewis anapiga kelele, anarusha vitu, anatukana, na yule mzee kakaa kitandani na rozari yake na kikohozi chake, anaandika barua za kuomba kesi isikilizwe upya. Yaani hafanyi chochote na wewe huwezi kumtoa macho. Kuna wakati wafungwa wengine wanatupa karatasi zinazowaka moto kutoka madirishani usiku kumuaga, kama haujatokwa na machozi pale basi sijui.

Angalieni pia kwamba huyo ni Mwingereza wa Warrington anacheza mzee wa Belfast, na muvi inawasema Waingereza vibaya. Hakumfanya Giuseppe mtakatifu wa kwenye picha za kanisani. Anakera, analalamika, ana woga. Ni baba wa kawaida, ndo maana inauma.

Ya Spielberg ni kweli, aliyasema baada ya kufanya naye The Lost World na Amistad, zote za 1997. Mwenyewe Pete alikuwa akiulizwa anageuza utani, anasema nadhani alichosema Spielberg ni kwamba Pete anajiona ndo mwigizaji bora duniani.

Msee_wa_Buru

Wasee mnaongea kuhusu huyu mzee na hakuna mtu ametaja The Constant Gardener, na hiyo ilishutiwa hapa kwetu Kenya! Walienda Kibera, wakaenda mpaka Loiyangalani kule Turkana. Ni hadithi ya kampuni ya dawa inayojaribia dawa ya TB kwa watu maskini wa Kenya bila kuwaambia ukweli, na mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza anauliwa juu ya kuuliza maswali. Rachel Weisz alichukua Oscar na hiyo muvi. Ilitoka 2005.

Postlethwaite anaingia karibu mwisho, yeye ndiye yule daktari Lorbeer mwenye alihusika na hiyo dawa halafu akakimbilia Sudan kujificha na jina lingine, sasa anatibu watu kwa kambi ya wakimbizi. Ni dakika chache tu mazee. Lakini hiyo muvi yote umekuwa ukingoja huyu mtu, unataka kumchukia, na ukimpata unapata mtu amechoka, mwenye dhambi yake anaijua na bado anaamka kila asubuhi kutibu watoto. Huwezi kujua umhurumie ama umlaani. Hapo ndio niliamini hii maneno ya steringi haina maana, director anahitaji mtu mwenye akiingia kwa dakika 10 abebe uzito wa masaa 2 yote yamepita.

Na Bill Nighy pia yuko kwa hiyo muvi, rafiki yake wa zile siku za Liverpool mwenye Mama_wa_Kideo amesema. Watengenezaji walipomaliza hawakubeba kamera zao tu wakaenda, walianzisha mfuko wa kusaidia maeneo walishutia, Kibera na Loiyangalani. Inafaa ikumbukwe hiyo.

Bint_Kiwandani

Mimi nataka kumsemea Danny wa Brassed Off maana naona mnamkimbia. Hiyo ni ya 1996 na HAPO ni steringi kwa hiyo yale maneno ya kusapoti yaishe.

Danny ni kondakta wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe kule Yorkshire. Mgodi unafungwa. Serikali ya Uingereza miaka ile ilifunga migodi mingi mno, baada ya ule mgomo mkubwa wa 1984 mpaka 1985 walioshindwa wachimbaji, na miji mizima ikabaki haina kazi. Bendi ya kwenye muvi imechukuliwa kwenye kisa cha bendi ya kweli ya Grimethorpe, ambao mwaka 1992 walichukua ubingwa wa taifa siku chache tu baada ya kutangaziwa kwamba mgodi wao unafungwa. Na muziki unaousikia kwenye muvi wameupiga wao wenyewe.

Huyu Danny yeye anajali muziki tu. Watu wanapoteza nyumba, mwanae mwenyewe anadaiwa mpaka vitu vya ndani vinabebwa, na mzee anauliza mazoezi saa ngapi. Mapafu yake yamejaa vumbi la makaa. Mwanzo unamwona katili. Halafu wanafika fainali kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, wanashinda, na anapanda jukwaani kukataa kombe, anasema alidhani muziki ndo kitu kikubwa, kumbe watu ndo wakubwa kuliko muziki, na akawaambia wazi wenye nchi walichowafanyia wachimbaji. Sauti ya hotuba hiyo ndo ile inayosikika mwanzo kabisa wa wimbo Tubthumping wa Chumbawamba ukisikiliza kwenye albamu yao.

Nimekulia mji wenye kiwanda cha nguo ambacho kilifungwa nikiwa darasa la 4. Baba yangu alikuwa humo, na kiwanda kilikuwa na timu ya mpira na kikundi cha ngoma, vyote vikafa. Wanaume walikuwa wanakaa nje asubuhi wamevaa vizuri kama wanaokwenda kazini. Sijawahi kuona mtu akiigiza uso ule isipokuwa Postlethwaite, na hakuwahi kufika kwetu. Alikuwa anawajua watu wa Warrington na Liverpool, ilimtosha. Kwa hiyo mtu akiniambia ni mwigizaji mdogo wa kando naona kama amewatukana wazee wangu.

Mama_wa_Kideo

Bint umesema kweli tupu dada yangu.

Niongezee moja ili asionekane ni wa kucheza wazee wema tu. Mtafuteni kwenye Sharpe, ile tamthilia ya vita vya Napoleon aliyocheza Sean Bean, yeye ni sajini Obadiah Hakeswill, 1994. Mchafu, mnyanyasaji, shingo inamkatika-katika akiongea, na ukilala unamwona. Na baba wa Distant Voices, Still Lives ambaye anapiga mke na watoto, halafu kwenye sini moja anawapambia watoto soksi za Krismasi wakiwa wamelala na uso umejaa upendo, na asubuhi yake anavuta kitambaa cha meza vyakula vyote chini. Davies alikuwa anamsimulia baba yake mwenyewe pale. Hakuna anayeeleza kwa nini baba yuko hivyo, na Postlethwaite haombi umsamehe. Mimi kwangu hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote, hata kuliko Giuseppe, Wakili atanisamehe.

Wakili_Kaptula

Sikusamehi ila nakuheshimu. Giuseppe ni namba 1 na rufaa imetupwa.

kijana_wa_likoni

Naona pia alikubali muvi zisizomfaa, semeni kweli. Aeon Flux amevalishwa joho la ajabu yaning'inia hewani, na Clash of the Titans ya 2010 ni mvuvi wa dakika chache. Mwigizaji wa kiwango kile kupewa kazi zile ni kama kumpa fundi wa majahazi kazi ya kutengeneza viti. Sikatai, mtu ana familia na maisha yana gharama, lakini mimi huumia nikiona.

Mswahili_Merseyside

Ndugu yangu naelewa, lakini hata huyo mvuvi wa Clash of the Titans anayemwokota mtoto baharini na kumlea, ukimwondoa ile muvi haina mtu hata mmoja unayemjali. Na mwaka huohuo wa 2010 ana Inception, ana na The Town ya Ben Affleck, muuza maua ambaye ndo bosi wa majambazi wa Boston, anakata miba ya mawaridi huku anakutishia uhai wako kwa sauti ya chini. BAFTA, zile tuzo za filamu za Uingereza, walimtaja kwa hiyo ya The Town, ila ilipofika siku ya tuzo Februari 2011 yeye alikuwa ameshafariki, tarehe 2 Januari, hospitalini Shrewsbury, kansa ya kongosho, miaka 64. Tayari mwaka 1990 alikuwa ameugua kansa nyingine akapona, kwa hiyo kazi zote kubwa tunazozitaja hapa ukitoa Distant Voices amezifanya baada ya hapo.

Na alikuwa mtu wa msimamo nje ya kazi. 2009 kwenye uzinduzi wa The Age of Stupid, filamu ya mabadiliko ya tabianchi ambayo anacheza mtunza kumbukumbu aliyebaki peke yake mwaka 2055, alimwambia waziri wa nishati Ed Miliband mbele ya watu kwamba kile kituo cha umeme wa makaa cha Kingsnorth kikiruhusiwa yeye anarudisha nishani yake ya OBE aliyopewa 2004. Kituo hakikujengwa.

mtoto_wa_tandika

Wakuu nimesoma yote mara 2. Naomba mnipangie sasa, nianze na ipi? Nina bando la wikendi moja tu.

Bint_Kiwandani

Kaka kwa bando la wikendi, Ijumaa usiku In the Name of the Father, Jumamosi Brassed Off na uangalie na mzazi wako kama yupo karibu, Jumapili mchana The Constant Gardener. Distant Voices iache mpaka siku umetulia na nyumba ina watu, usiiangalie peke yako usiku. Halafu bando likibaki, Killing Bono. Siyo muvi kubwa na wala sisemi ni nzuri sana, ila ndo ya mwisho kwake, imetoka 2011 yeye hayupo. Alikuwa anaumwa sana wakati ule na ile nafasi ya yule mwenye nyumba waliiandika maalum kwa ajili yake ili aimudu, na aliimudu.